Una mtaji wa shilingi ngapi?

Swali hili lipo kwenye fomu ya mkopo, lipo mdomoni mwa afisa biashara wa manispaa, huulizwa kwenye kikao cha kikoba na hata ukweni. Jibu hutoka haraka: milioni tatu. Ukimbana aliyejibu utakuta milioni tatu za huyu si milioni tatu za yule. Mmoja anataja fedha aliyofungulia duka mwaka juzi. Mwingine amekadiria kwa macho mali iliyo kwenye shelfu, tena kwa bei ya kuuzia. Wa tatu amejumlisha friji, kaunta na kodi ya fremu. Wa nne ameshika mkopo wa wiki iliyopita, marejesho bado hayajaanza. Wote wanasema mtaji, na kwa mazungumzo ya kila siku hakuna aliyekosea. Balaa huanza pale mtu anapotaka kuamua jambo la fedha kwa kutegemea namba hiyo.

Mifano yote humu ni ya shilingi za Tanzania na ya duka dogo la mahitaji ya nyumbani. Bei nimeziweka ili hesabu ionekane, weka zako.

Vitenzi vya mtaji

Maana ya kwanza inajulikana: fedha au mali ya kuanzishia biashara na kuiendesha. Lakini kama unataka kujua hali halisi ya mfanyabiashara, sikiliza kitenzi anachokiambatanisha na neno hilo. Anayesema *nazungusha mtaji* ananunua, anauza, anarudi kununua. Anayesema *mtaji umelala* ana mali isiyotoka: viatu vya namba kubwa mno, sare za shule mwezi wa nne, simu ya toleo lililopitwa. *Mtaji umekata* maana yake hana tena fedha ya kufunga mzigo, hata kama fremu bado ni yake na milango iko wazi. *Kula mtaji* ni ugonjwa mwingine kabisa, na nitaukalia kwa muda.

*Kurudisha mtaji* kuna mitego miwili. Muuzaji akikuambia "nirudishie mtaji tu" anadai anakuuzia kwa bei aliyonunulia, na huo ni usemi wa sokoni usiohitaji kuaminiwa sana. Kwa mwenye mzigo, usemi huohuo una kazi kubwa zaidi. Mfunguaji wa belo la mitumba la shilingi 400,000 huuza kwanza nguo za chaguo la kwanza kwa bei nzuri. Zikifika 400,000 anasema mtaji umerudi, kilichobaki ni faida. Si kweli sana. Kilichobaki ndicho kibovu cha belo, kitauzwa kwa kupiga mnada wiki nzima, na katika wiki hiyo kuna nauli, ushuru wa meza na chakula. Faida ya belo hujulikana nguo ya mwisho ikishatoka au ikishatupwa.

Nje ya biashara neno limesafiri mbali. Mtangazaji wa mpira atasema timu inakwenda ugenini ikiwa na mtaji wa mabao mawili. Wanasiasa wana mtaji wa kisiasa, na vijana wameshaitwa mtaji mara nyingi kuliko walivyopewa. Wachezaji wa bao nao wanalo kwa namna yao: kete ya mtaji ni ile inayokula kete za mpinzani, asiyenayo hutakata tu, yaani husambaza kete zake bila kula, na awamu ya pili ya mchezo, kete za mkononi zikishakwisha, yenyewe huitwa mtaji. Neno *rasilimali* nalo asili yake ya Kiarabu ni kichwa cha mali, yaani mtaji uleule, ingawa leo tumelisukumia kwenye madini, misitu na watu. Basi, turudi dukani.

Milioni tano zikishaingia

Tuseme umeanza na milioni 5. Kodi ya fremu 150,000 kwa mwezi, unalipa miezi sita mbele: 900,000. Shelfu na kaunta 600,000. Friji ya mtumba 500,000. Leseni, mizani, kupaka rangi na vikorokoro vingine 200,000. Hapo 2,200,000 zimekwisha kabla hujanunua hata kiberiti. Bidhaa 2,500,000. Zinabaki 300,000 za chenji na za kukimbilia mzigo wa dharura.

Una mtaji wa milioni 5? Kwa maana ya fedha uliyotoa, ndiyo. Lakini inayofanya kazi ya kununua na kuuza ni 2,800,000. Hii ndiyo huitwa mtaji wa kuzungusha, na ndiyo pekee inayoweza kukuletea faida ya kila siku. Zile 2,200,000 zimekaa. Friji ukiiuza kesho hupati 500,000. Shelfu zilizopimwa kwa fremu hii hazitaingia kwenye fremu nyingine.

Wanaoanza wengi hukosea hapa: huwekeza kwenye kinachokaa hadi kinachozunguka kinakosa nguvu. Duka lina kaunta ya vioo, taa za rangi na jina la kung'aa, halafu sabuni zimepangwa mstari mmoja mbele na nyuma yake ni hewa. Mteja akikosa vitu vitatu kwa siku tatu, anahamia kwa Mangi wa ng'ambo ya barabara.

Sehemu zenye biashara kali, kwa mfano Kariakoo, kuna pia kilemba, fedha unayompa anayekuachia fremu. Kilemba kinaweza kuzidi thamani ya bidhaa zote utakazoweka. Watu hukihesabu kama mtaji kwa sababu wanaamini nao watamtoza anayefuata. Huenda. Ila makubaliano hayo mara nyingi ni ya wapangaji wenyewe kwa wenyewe, na mwenye nyumba ambaye hakuandikwa popote anaweza kukutoa mkataba ukiisha bila kukujali. Kabla ya kutoa kilemba, hakikisha mkataba wako ni na mwenye nyumba, una muda unaoeleweka, na unataja kama una haki ya kumwachia mwingine. Kama havipo hivyo, fedha hiyo ihesabu kama gharama iliyokwenda.

Jinsi mtaji unavyoliwa bila mtu kuhisi

Duka letu linauza 100,000 kwa siku. Bidhaa hizo zilinunuliwa kwa 86,000, faida ghafi ni 14,000. Kodi ya 150,000 kwa siku 30 ni 5,000 kila siku. Umeme, mlinzi, ushuru wa taka na vocha, tuseme 2,000. Inabaki 7,000. Mwenye duka anachukua 15,000 za nyumbani, kwa sababu droo ina laki moja na 15,000 inaonekana kidogo.

Kila siku, basi, duka linaliwa 8,000. Kwa mwezi ni 240,000. Mtaji wa kuzungusha wa 2,800,000 hauvuki mwaka kwa mwendo huo, tena wateja wakiwepo siku zote. Hakuna wizi na hakuna uchawi. Watu huzungukia waganga na kubadili wauzaji, kumbe hesabu ni ya kutoa na kujumlisha.

Na duka haliishi taratibu kama hesabu inavyoonyesha, linazidi kasi. Mtaji ukipungua unaacha kununua katoni, unanunua nusu katoni, kisha dazeni. Bei ya kila kipande inapanda kwa sababu umetoka kwenye jumla. Faida ghafi ya 14,000 inashuka kuwa 10,000 kwa mauzo yaleyale. Kisha bidhaa zinapungua aina, mauzo nayo yanashuka. Ukiona uko hatua ya kununua pakiti mojamoja duka la jirani ili usimkose mteja, ugonjwa umekomaa.

Jambo moja husahaulika sana: kodi. Kwa kuwa ililipwa mwanzoni, miezi sita ya kwanza duka huonekana linalipa vizuri. Mwezi wa saba 900,000 zinadaiwa kwa mkupuo na zinatoka kwenye bidhaa. Zile 5,000 za kila siku ziwekwe kando kabisa, kwenye laini nyingine ya simu au kibubu, na zisihesabiwe kama mtaji hata siku moja.

Upo pia mtaji unaoliwa na bei. Umenunua mfuko wa sukari kwa 130,000, umeuuza wote, una 137,000 mkononi, ukarudi kwa muuzaji wa jumla ukakuta ni 138,000. Umeuza, umepata faida kwenye daftari, na huwezi kurudisha mfuko uliouuza. Dawa yake haipendezi wateja: bei ya shelfu inabadilika siku bei ya jumla inapobadilika, hata kwa mali uliyonunua zamani. Anayesema "hii niliinunua kwa bei ya zamani, nitauza kwa bei ya zamani" anawapa wateja wake sadaka, na ni vizuri ajue hivyo.

Sukari na mafuta ya kujipaka

Duka likiwa na mtaji mdogo, swali lenye uzito ni fedha inarudi baada ya siku ngapi. Asilimia ya faida peke yake inadanganya.

Chukua sukari. Mfuko wa kilo 50 kwa 130,000, bajaji 3,000, vifungashio 1,000: umetoa 134,000. Ukipima kilo na robo na nusu, hupati kilo 50. Sukari inamwagika, mkono unazidisha, mizani ya saa inayumba. Panga kwa kilo 49. Kwa 2,800 kila kilo unapata 137,200. Faida 3,200, asilimia mbili na ushei. Unaweza kuidharau. Lakini mfuko unaisha kwa siku nne, na katika siku 28 fedha ileile imezunguka mara saba: 22,400.

Weka 134,000 hizohizo kwenye mafuta ya kujipaka na krimu zenye faida ya asilimia 25. Utapata 33,500, zaidi ya mara kumi ya mfuko mmoja wa sukari. Ila zinachukua miezi miwili kwisha, kwa hiyo kwa mwezi ni 16,750. Sukari imeshinda, na juu ya hapo imemleta mteja ambaye atanunua na majani ya chai.

Hii haina maana ujaze duka sukari. Inazunguka haraka mpaka kiasi ambacho mtaa wako unakula. Mfuko wa pili ukiwa umekaa stoo nao ni mtaji uliolala, tena unaonyonya unyevu. Kinachotakiwa ni kuandika tarehe ya kununua kwenye katoni kwa kalamu ya wino mzito. Mwezi ukiisha, katoni yenye tarehe ya zamani kuliko zote inakuonyesha fedha yako imelala wapi. Ishushe bei, irudishe kununuliwa kitu kinachotoka.

Kuhesabu

Mara moja kwa mwezi, siku ileile, kabla ya kufungua. Bidhaa zihesabiwe kwa bei ya kununulia, ile ya risiti ya mwisho. Ukihesabu kwa bei ya kuuzia umejumlisha faida ambayo bado iko mfukoni mwa wateja. Kilichoisha muda ni sifuri. Kilichotafunwa na panya ni sifuri.

Bidhaa zimefika 2,050,000. Fedha ya droo, ya simu na ya benki 340,000. Wateja wanadaiwa 260,000, lakini 60,000 ni za watu waliohama au wanaokatiza njia ya nyuma wakikuona, andika 200,000. Jumla 2,590,000. Sasa toa usichokimiliki: unadaiwa na msambazaji 450,000, na kikoba 300,000. Mtaji wako wa kuzungusha ni 1,840,000. Mwenye duka alikuwa anasema ana zaidi ya milioni mbili na nusu.

Namba hiyo peke yake haitoshi. Ilinganishe na ya mwezi uliopita. Ilikuwa 2,080,000, imeshuka 240,000. Umechukua nyumbani 450,000 na hukuongeza kitu kutoka nje. Faida ya mwezi ni 450,000 ukitoa 240,000, yaani 210,000. Kwa siku 7,000. Angalia kwamba tumefika kwenye faida ileile ya juu bila kuandika mauzo hata ya siku moja. Ndiyo maana kwa asiyependa daftari, nasema heri ahesabu mali mara moja kwa mwezi kuliko kuandika mauzo kwa wiki mbili kisha akaacha. Masharti ni mawili tu: kila unachochukua kiandikwe, hata soda na mkate uliopelekwa nyumbani, kwa bei ya kununulia, na kila fedha uliyoongeza kutoka mshahara au kwa shemeji iandikwe pia. Vitu hivyo viwili visipoandikwa hesabu haina maana.

Kuna usemi kwamba mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Kwa mbeba mizigo ni kweli tupu. Kwa mwenye duka unaleta madhara kidogo, kwa sababu humfanya aone kukaa dukani saa kumi na nne ni bure. Ile 7,000 ndiyo mshahara wake. Ukimweka kijana na kumlipa 6,000 kwa siku, duka linatoa 1,000, na hapo ndipo unaona kama milioni 5 zako zilistahili kuwekwa hapo.

Mali kauli na mikopo

Mali kauli si mtaji wako, lakini hufanya kazi ya mtaji. Unachukua mzigo kwa neno lako, unauza, unalipa baadaye. Bei yake mara nyingi iko juu kidogo. Dumu la mafuta la 62,000 kwa fedha taslimu litakuwa 64,000 ukilipa baada ya wiki mbili. 2,000 hizo ni kama asilimia tatu kwa siku 14. Kwa dumu linalouzwa siku tano, unabaki na fedha ya mwenye mali siku tisa bila kudaiwa, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Ubaya ni uleule: siku tisa hizo fedha iko droo na inaonekana yako. Anayechelewesha mara mbili hunyimwa na muuzaji wa jumla, na wauzaji wa jumla wa soko moja huambizana. Kabla ya kuondoka na mzigo, muulizane wazi: kisichouzwa kinarudi au nimeshakinunua? Kimya hapo huzaa ugomvi.

Mkopo nao hutajwa kwa heshima, "nimepata mtaji". Tazama ratiba yake. Milioni 1, riba asilimia 10 kwa mwezi kwa miezi mitatu, riba ikipigwa juu ya kiasi chote: utarejesha 1,300,000 kwa wiki 12, yaani 108,333 kila wiki. Ada ya fomu imekatwa 30,000, umeondoka na 970,000. Wiki ya kwanza tu ndiyo uliyokuwa na fedha yote. Wiki ya nne umesharudisha zaidi ya 433,000, na wiki ya sita umebaki na chini ya nusu huku riba ikiendelea kuhesabiwa kwa milioni nzima. Kama uliinunulia bidhaa zinazotoka kwa siku 45, marejesho ya mwezi wa kwanza hayakutoka kwenye bidhaa hizo, maana bado ziko kwenye shelfu. Yametoka kwenye sukari na unga uliokuwa wako tangu zamani. Mkopo umekula mtaji wako mwenyewe kabla haujazaa. Mikopo ya aina hii watu waliipa jina la kausha damu bila kuhitaji kikokotoo.

Kipimo changu ni kifupi: bidhaa unayokopea iwe inaisha kabla ya marejesho ya tatu, la sivyo tafuta mkopo wa kulipa kwa mwezi au wenye riba inayopigwa kwenye salio. Kikoba chenye utaratibu mzuri mara nyingi ni nafuu. Kawaida unakopa hadi mara tatu ya hisa zako, na riba inarudi kwenu wenyewe siku ya kugawana.

Wakala: mtaji wenye pande mbili

Wakala wa fedha za simu anaujua mtaji kuliko mtu yeyote mtaani, kwa sababu wake hauna mahali pa kujificha. Una pande mbili, floti, yaani fedha iliyo kwenye laini yake ya uwakala, na keshi, yaani noti mkononi, na jumla yake haitakiwi kubadilika. Ana milioni 2: floti 1,200,000, keshi 800,000. Mteja akiweka 300,000, keshi inapanda kuwa 1,100,000 na floti inashuka kuwa 900,000. Jumla ni ileile. Kamisheni ihesabiwe kando. Jioni jumla ikiwa pungufu, kuna noti bandia, kuna namba iliyokosewa, kuna aliyejifanya mtu wa kampuni akaomba namba ya siri, au kuna rafiki aliyesema "nitumie, naleta jioni". Hili la mwisho ndilo linalofunga vibanda vingi, nadhani kuliko matapeli.

Shida yake ya kila wiki ni mtaji kuegemea upande mmoja. Mishahara ikitoka watu wanatoa fedha, keshi inakwisha na floti inajaa; siku za gulio wachuuzi wanaweka, inakuwa kinyume. Akisema "mtaji umekwisha" saa nne asubuhi, mara nyingi haujaisha, umehamia upande ambao mteja wa sasa hauhitaji. Ukiwa na mitandao mitatu, keshi ni moja lakini floti ni tatu, kwa hiyo milioni 2 zinazotosha mtandao mmoja hazitoshi mitatu. Na droo ya wakala isikae pamoja na droo ya duka. Zikichanganyika, hutajua ni ipi inayovuja.

Kwenye makaratasi

Ukisajili kampuni utaulizwa mtaji wa hisa, na ada ya usajili Tanzania hupanda kadiri mtaji huo unavyotajwa mkubwa. Wengine hutaja milioni 100 ili waonekane, huku hakuna aliyeweka hata senti. Mtaji ulioandikwa si mtaji uliolipwa. Ukichukua hisa za milioni 50 na hujazilipia, unadaiwa na kampuni yako mwenyewe, na ikifilisika anayesimamia ufilisi ana haki ya kukudai. Andika mnachoweza kulipa.

Benki nako neno lina maana ya kubana zaidi. Amana za wateja, hata ziwe nyingi vipi, si mtaji wa benki. Ni madeni yake. Mtaji ni wa wenye hisa na ndio unaopokea hasara kwanza. Ndiyo sababu kuna kiwango cha chini kisheria, kwa mfano Kenya, ambako sheria iliyopitishwa mwishoni mwa 2024 inapandisha kiwango hicho kwa hatua kutoka shilingi bilioni 1 ya Kenya hadi bilioni 10 ifikapo 2029.

Mimi mtaji, wewe nguvu

Ubia wa namna hii uko kila mahali, na ndiko neno linakovunjia undugu. Mmoja anatoa milioni 4, mwingine anakaa dukani. Wenye kufuata mudharaba, ubia wa mtaji na kazi wa sheria ya Kiislamu, wana kanuni inayoeleweka: faida hugawanywa kwa uwiano mliokubaliana, hasara ya mtaji humwangukia aliyetoa mtaji, na aliyetoa kazi amepoteza jasho lake, isipokuwa kama amezembea au amevunja masharti. Mwenye mtaji hawezi kudai "nipe laki mbili kila mwezi, iwe faida au hasara". Akidai hivyo amekopesha, si mbia, na waseme wazi ni mkopo.

Hata kama hamfuati kanuni hiyo, andikeni haya kabla ya mzigo wa kwanza. Mtaji ni kiasi gani, na kama sehemu yake ni vitu, pikipiki au friji, vimethaminiwa shilingi ngapi leo. Mali itahesabiwa tarehe gani na nani atakuwepo. Mfanyakazi anachukua kiasi gani cha kujikimu kabla ya faida kugawanywa, na je, kinakatwa kwenye mgawo wake au ni gharama ya duka. Faida isiyochukuliwa inakuwa mtaji wa nani: hili huachwa na karibu kila mtu, na baada ya miaka miwili duka la milioni 4 limefika milioni 7, mmoja anasema zote ni mtaji wake uliokua, mwingine anasema milioni 3 ni jasho lake lililoachwa dukani. Mkiandika kwamba faida isiyochukuliwa inagawanywa kwenye daftari kila mwezi kwa uwiano uleule, kila mmoja akiwa na ukurasa wake, mnajua kila siku nani ana kiasi gani.

Kwa bodaboda ya mkataba, ile ambayo dereva huilipia kidogokidogo hadi iwe yake, ni hivyohivyo. Andika hesabu ya siku, idadi ya siku hadi chombo kibadilike jina, siku za ugonjwa na gereji zinahesabiwaje, na nani analipa bima ikiisha katikati ya mkataba. Kadi ya pikipiki ibaki kwa nani, na itahamishwa ndani ya siku ngapi baada ya hesabu ya mwisho.